Kuiongezea au Kuiacha: Kompyuta ya Mama Njoki

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu niliyoyaona kazini. Saa nimeitundika sebuleni, na mtaa mzima sasa unajua kwamba nimestaafu, maana inagonga kwa sauti na hakuna aliyegundua pa kuizimia. Mambo mawili matatu ndiyo haya. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala nani alilipwa nini, kwani hayo mlishayachambua kwenye chai ya saa nne kwa ufasaha kunishinda. Nitaandika juu ya swali mnaloulizwa kila siku hapo kaunta, ambalo kwa maoni yangu mnalijibu haraka mno. Mteja ana kompyuta iliyochoka. Je, aiongezee vitu, au aiache anunue nyingine?

Mimi niliingia katika kazi hii katikati ya miaka ya sabini, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha benki na serikali, chenye chumba chake na baridi yake. Sisi tulikuwa watu wa taipureta. Karakana ilikuwa nyuma ya maduka, hatua chache kutoka Jogoo Road, na mwenyewe alikuwa Mzee Odera, mtu mpole wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Siku ya kwanza nilifika na blauzi nyeupe na viatu vya kisigino, kwa sababu nyumbani walielewa kwamba nimepata kazi ya ofisi. Mzee Odera alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Binti yangu," akasema, "hiyo nguo ni ya kwenda kumwona padri. Hapa kuna wino."

Akanipa koti la kaki la fundi aliyekuwa ameondoka, mikono yake mirefu hata nikaikunja mara tatu. Nikapewa mswaki, kopo la petroli na taipureta ya mhasibu fulani ambayo herufi zake zilikuwa zimejaa uchafu hata huwezi kutofautisha "e" na "o". Nilisugua mpaka jioni. Kwa muda mrefu nilidhani ufundi ni kusugua, na hata leo siwezi kusema nilikosea sana.

Kitu ambacho Mzee Odera alinifundisha hasa ni kwenda kuiona mashine mahali inapofanyia kazi. Mteja akileta taipureta kwa mara ya pili na ugonjwa uleule, mzee hakuifungua. Alivaa kofia yake, akasema, "Hapa mezani haitatuonyesha kitu. Twende tukaione kwake." Tukifika, alikataa kushika bisibisi. Aliomba chai, akakaa kwenye kona na kumtazama mwenye mashine akipiga chapa. Nakumbuka karani mmoja wa shule huko Makadara ambaye taipureta yake ilikuwa inakwama kila baada ya siku chache. Mzee alimaliza kikombe, akashukuru, akamwambia kwa upole kwamba mandazi ni matamu lakini yaliwe meza ya pili. Mashine hiyo haikurudi tena kwetu.

Kompyuta za kuweka juu ya meza zilipoanza kuonekana mitaa ya huku Eastlands, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mzee Odera aliifungua moja, akachungulia ndani, akafunga. "Hii haina hata nyundo za herufi," akasema. "Sasa mimi nitanyoosha nini?" Akanipeleka mjini nikajifunze, na muda si mrefu akarudi kwao Siaya kulima, akaniachia karakana na lile koti. Nilimkosa sana. Mara nyingi nilikuwa nageuka kumuuliza jambo, nakuta kiti tu.

Ninyi mliozaliwa juzi inabidi niwaeleze kompyuta ya wakati ule ilikuwaje. Lilikuwa kasha zito la chuma, na juu yake skrini yenye maandishi ya kijani. Kasha lilikuwa na milango miwili ya kutia disketi, zile nyembamba za kupindika. Ndani hamkuwa na diski ya kuhifadhia chochote. Ukiiwasha, unatia disketi ya programu mlango wa kushoto na disketi ya kazi yako mlango wa kulia, na ukisahau kuhifadhi kisha stima ikapotea, umeanza upya. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo kuliko ya simu mnazowanunulia watoto wachezee. Msicheke. Mitihani ya shule nyingi za mitaa hii, na ratiba za mazishi za watu wengi wazuri, zilitoka katika mashine za namna hiyo.

Mashine ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Mama Njoki wa Buruburu. Mumewe, Mwangi, alikuwa karani wa bima. Kazini kwao walipouza kompyuta walizokuwa wamechoka nazo, akanunua moja, akajenga chumba kidogo kando ya nyumba yao ili mkewe aliyekuwa mpiga chapa aache kuajiriwa na afungue ofisi yake hapo nyumbani. Kabla mwaka haujaisha Mwangi aliugua kifua, akafariki. Baada ya mazishi mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Cucu, yaani nyanya, alikuja kutoka Murang'a kumliwaza mkaza mwanawe, akabaki. Walikuwa watu watatu katika nyumba ile, Mama Njoki, binti yake Njoki na Cucu, na kilichowalisha ni ile kompyuta.

Mama Njoki alikuja karakanani siku moja na pikapu ya jirani, mashine imefungwa blanketi.

"Fundi, hii kitu imeanza kunichezea," akaniambia. "Asubuhi inafanya kazi vizuri tu. Ikifika mchana inaandika maneno yake, ati sijui kumbukumbu ina makosa, halafu inaganda. Kila kitu kimepotea. Juzi nimepiga chapa mtihani wa darasa la saba mara mbili."

Nikaipokea. Nilipuliza vumbi, nikazing'oa chipu za kumbukumbu na kuzirudisha moja moja, nikasafisha vichwa vya disketi kwa spiriti. Kisha tukaiacha ikifanya kazi juma zima, asubuhi hadi jioni. Haikuganda hata mara moja. Fundi mwenzangu Oti, mzaliwa wa mtaa wa Jericho, aliizunguka akitikisa kichwa.

"Madam, hii mashine haina noma yoyote," akasema. "Iko poa kuliko ile yetu ya kaunta. Mrudishie mama wa watu."

Tukamrudishia. Baada ya siku mbili akaileta tena, na sisi tukaiwasha, ikafanya kazi bila kosa. Mama Njoki alisimama mbele yake akiwa ameshika kiuno. "Hapa kwako inajifanya malaika," akasema. Nilibadilisha chipu mbili nilizozishuku, ingawa moyoni sikuzishuku sana, nikamrudishia.

Mara ya tatu alikuja bila mashine. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba magotini na kunieleza jambo lililokuwa linamkosesha usingizi. Shemeji yake Karanja, mdogo wa Mwangi, ambaye yeye alimwita Baba Wanjiru, alikuwa mfanyakazi wa wizara na alikuwa amekodi chumba cha ofisi mjini. Aliposikia kompyuta inasumbua, akasema imezeeka na atanunua mpya. Ila hiyo mpya itakaa ofisini kwake, na Mama Njoki atakuwa akienda huko kila siku kupiga chapa, naye atamlipa mwisho wa mwezi. Wateja wake wote, shule za jirani na kanisa lao, wangehamia huko.

"Si mtu mbaya," akasema. "Anafikiri ananisaidia. Lakini nikienda kule, Fundi, nimerudi kuajiriwa. Na nikiajiriwa na shemeji nitaacha kazi namna gani siku nikichoka? Hata nyumba yetu ya Buruburu wataanza kuuliza naiendesha na nini." Akaugeuza mkoba magotini. "Jumapili wanakuja tukae kikao. Nimesema nitakuita. Unijibu kama unavyomjibu ndugu yako. Kama imekufa, sema imekufa. Nikisema naiongezea halafu iniaibishe tena, sitakuwa na mdomo tena katika ile familia."

Nilimwambia sitajibu lolote kabla sijaenda kwake. Keshoye nikavaa viatu vya kutembelea, nikaacha bisibisi karakanani makusudi, maana nikiwa nayo mkono wangu hautulii, nikaenda Buruburu.

Nyumba ilikuwa safi hata nikaogopa kukanyaga. Na kila kitu ndani yake kilikuwa kimevaa. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, vyeupe vyenye ukingo wa rangi ya chungwa. Redio ilikuwa na chake, televisheni chake, hata chupa ya chai. Hilo halikunishangaza, kwani kwangu pia ni vivyo hivyo, na nyumba isiyo na vitambaa tuliiona kama ya mtu aliyehamia jana. Nikaingia chumba cha kazi, nikapewa chai, nikakaa kwenye kona kama alivyonifundisha Mzee Odera.

Kompyuta nayo ilikuwa imevaa. Cucu alikuwa ameifumia vazi kamili la sufi, limepimwa likapimika, lenye dirisha mbele ya skrini na nafasi mbili za milango ya disketi. Kwa sababu ufumaji una matundu na matundu yanapitisha vumbi, alikuwa ameshonea kitambaa kizito cha pamba kwa ndani. Nyuma liliteremka hadi mezani, likaziba feni. Juu liliziba matundu yote ya skrini. Mama Njoki alikuwa akifanya kazi na mashine ikiwa ndani ya koti lile, kuanzia asubuhi, na mabati ya kile chumba yakipata jua la mchana. Nikaweka kiganja changu juu yake. Lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa.

Najua ninyi mngefanya nini. Mngelivua, mkatoa hotuba, mkaandika risiti. Nami karibu nicheke, nikajizuia. Nilimuuliza Mama Njoki kwa sauti ya kawaida kama hilo vazi huwa analivua.

"Nililivua mara moja, lilipokuwa jipya," akasema, akiendelea kupiga chapa. Maitu, yaani mama, ndivyo alivyomwita Cucu. "Maitu hakusema kitu. Alilirudisha. Sasa mimi nilivue mara ya pili, niwe nani?" Kisha mikono yake ikasimama juu ya vibonye. Alikuwa mwerevu, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alipoileta karakanani aliiacha nguo nyumbani, kwani nani anapeleka kitambaa kizuri mahali penye petroli? "Fundi," akasema polepole, "usiniambie."

Sikumwambia. Nilimwomba akapeleke ile mitihani shuleni, aniache na mama mkwe wake.

Cucu alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikavuta kigoda nikachambua naye, na tukazungumza habari za mvua ya Murang'a na ya kwetu Bungoma mpaka rundo likapungua. Ndipo nikamwambia kwamba nimeona vazi la kompyuta, na kwamba sijaona kazi safi namna hiyo. Nilisema kweli tupu.

"Ni vumbi," akasema. "Hii Nairobi iko na vumbi mbaya. Mwangi akiwa mdogo alikuwa na kifua. Kila usiku nilikuwa naamka kumfunika. Sasa hiyo ndiyo kitu aliacha. Siwezi kuiacha hivyo hivyo."

Nilichambua maharagwe mengine ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Kisha nikamwomba tuende pamoja chumbani. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Nikainua pindo la nyuma kidogo, nikauchukua mkono wake, nikauweka mbele ya feni. Hewa ya moto ikampiga kiganjani. Hakuutoa mkono kwa muda mrefu.

"Kumbe inapumua," akasema.

"Inapumua, Cucu. Inataka ifunikwe usiku tu, ikishazimwa."

"Kwa hivyo ni mimi naiua."

"Ni joto."

"Usinidanganye, mtoto wangu. Mimi si mtoto." Akatoa mkono, akaupangusa kwenye leso. "Jumapili utasema mbele ya watu?"

Nikamwambia nitasema mashine inahitaji hewa na mahali penye kivuli, basi. Hayo mengine hayakuwa ya kikao. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa maharagwe yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo vijana huwa mnadhani kazi imekwisha. Joto tulikuwa tumelijua, lakini swali la Mama Njoki lilikuwa palepale. Nilibaki pale mchana ule nikimuuliza juu ya kazi yenyewe, kwa sababu mashine inaweza kuwa nzima na bado isitoshe. Shule zilikuwa zimeanza kutaka mitihani yenye majedwali, na programu iliyoweza kuyachora haikutosha kwenye kumbukumbu ya mashine ile. Milango ya disketi ilikuwa imelika. Kwa upande mwingine, kibodi ilikuwa imara na vidole vyake vilikuwa vimeizoea, skrini haikuwa na doa, na bamba kubwa la ndani lilikuwa na nafasi wazi za kuongezea chipu. Uliokuwa dhaifu kweli ni mgawa-umeme, lile boksi la nyuma lenye feni. Lilitosha disketi mbili tu. Ukiipa mashine hiyo diski ngumu, ile ya kuhifadhia kazi ndani, bila kulibadilisha, wewe na mteja mtaonana tena baada ya siku chache, na hatakuwa anatabasamu. Kwa hiyo hesabu yangu ikawa hivi: tubadilishe mgawa-umeme, tujaze chipu, tung'oe mlango mmoja wa disketi na kutia diski ngumu mahali pake. Mashine ingekuwa na miaka kadhaa mizuri, na vitu hivyo Mama Njoki angeweza kuvinunua mwenyewe kwa mkopo wa chama chake cha kina mama, bila kumwomba mtu.

Jumapili nikaenda baada ya kanisa. Palikuwa na wajomba wawili na shangazi mmoja, na mbavu za mbuzi aliyetoka soko la Kiamaiko asubuhi ile. Baba Wanjiru alikuwa amevaa suti ya kijivu. Alinipa kiti kizuri na kuniita madam, na alipozungumza juu ya ndugu yake marehemu alitazama upande wa kile chumba kidogo. Ilikuwa vigumu kumchukia, na kwa kweli sikujaribu. Mama Njoki alikuwa akizunguka na birika, akimimina chai, hajapata kukaa.

Nikaeleza yote kwa lugha ya kawaida. Nikasema mashine haijafa, ina joto, inahitaji hewa. Nikataja vitu vitatu vya kuongezea na sababu ya kila kimoja. Baba Wanjiru alisikiliza vizuri sana, akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Madam, ngoja nielewe. Ilikaa kwako wiki nzima bila shida?"

"Ndiyo."

"Ikarudi hapa, ikakataa. Ikaenda tena kwako, ikafanya. Ikarudi hapa, ikakataa."

"Ndiyo."

"Basi si hiyo inaonyesha kwamba hapa si mahali pa kompyuta? Chumba ni kidogo, mabati, jua. Kule kwangu mjini ni ghorofa, madirisha makubwa. Hata ukiiongezea nini, ikirudi hapa itakataa tu. Ama nadanganya?"

Wajomba wakaguna kukubali. Ilikuwa hoja safi. Jibu lake nililijua, lakini lilikuwa limekaa kwenye kochi, leso mabegani, mikono imefungwa mapajani. Nikanywa chai ambayo ilikuwa imeisha kikombeni. Mama Njoki alinitazama, na nikaona kwamba yeye pia hatalisema, hata kama kunyamaza kungemgharimu kila kitu. Nilijisikia vibaya mno. Nilianza kusema jambo refu juu ya mabati na vivuli ambalo hata mimi sikuliamini.

"Karanja," Cucu akasema.

Baba Wanjiru akainua kichwa.

"Nyumba haina makosa. Ni mimi. Mimi ndiye nilikuwa naifunika ikiwa inafanya kazi. Nguo nzito. Ilikuwa inakosa hewa. Huyu fundi alijua tangu Jumatano, na bibi ya ndugu yako anajua, na hakuna mtu alitaka kuniambia mbele yenu."

Baba Wanjiru aliinuka nusu kutoka kitini. "Maitu, hakuna mtu anakulaumu."

"Sijasema mnanilaumu. Nasema nimeivua."

"Sawa, Maitu. Lakini hata hivyo ile mashine ni nzee."

"Mimi pia ni mzee," Cucu akasema. "Utanipeleka ofisini kwako?"

Mjomba mmoja alicheka hadi akamwaga chai, na shangazi akamfuata. Baba Wanjiru mwenyewe alicheka, na nilimpenda kidogo kwa hilo. Cucu hakucheka. Alingoja watulie.

"Mwangi alileta hiyo kitu nikiwa hapa, nimekuja kuwatembelea," akasema. "Niliuliza, ni ya nini? Akaniambia, ni ya bibi yangu, hataki kuandikwa tena na watu. Hayo ndiyo alisema. Sasa mimi naona mnaongea, fundi anaongea, Karanja anaongea, hata mimi naongea. Mwenyewe ni huyo amesimama na birika. Kuna mtu amemuuliza?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi, ninayejidai kuuliza, nilikuwa nimeeleza mbele ya kikao kana kwamba kikao ndicho chenye mashine. Vichwa vyote vikamgeukia. Mama Njoki aliweka birika mezani polepole, akajipangusa mikono.

"Naiongezea," akasema. "Na inabaki hapa. Baba Wanjiru, asante kwa ile mpya. Ukiinunua na ukawa na kazi nyingi ya kupiga chapa, niletee kazi nyingine, nitakusaidia."

Ikawa hivyo. Juma lililofuata mimi na Oti tuliifungua pale pale chumbani kwake, madirisha wazi, na tukatandika magunia juu ya mabati kupunguza jua. Mgawa-umeme mpya ulikuwa mnene kuliko wa zamani, ikabidi tupige tupa ukingo wa kasha ndipo uingie. Chipu ziliingia kwa kubembelezwa, na moja ilipinda mguu, Oti akainyoosha kwa ncha ya wembe huku akitukana kwa Sheng ambayo kwa bahati nzuri Cucu hakuielewa. Tulipoiwasha na ile diski ngumu ikaanza kuzunguka, Mama Njoki aliuliza atie disketi gani kwanza. Nikamwambia asitie yoyote. Programu ikajifungua yenyewe, akakaa akiitazama tu, mikono mapajani. Baba Wanjiru naye alimletea kazi, tena nyingi, na alilipa kwa wakati, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya wateja wangu wote wa wizarani.

Mashine ile ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Nilikuwa naipitia mara moja moja, napuliza vumbi, nakunywa chai. Cucu alirudi Murang'a, akawa anakuja wakati wa sikukuu. Kuelekea mwisho wa miaka ya themanini nilianza kuona kwamba sasa imefika mwisho wake. Programu mpya zilikuwa zinaikataa, na mashine za namna nyingine kabisa zilikuwa zimeingia, zenye disketi ndogo ngumu. Nikajiandaa. Nilipanga hata maneno ya kumwambia siku atakapokuja kuuliza, taratibu, nikizingatia kwamba ni mashine ya marehemu.

Alikuja asubuhi moja akiwa na Njoki, ambaye alikuwa ameshamwacha mama yake kwa urefu. Hakuketi kwenye benchi.

"Fundi, nimenunua nyingine," akasema. "Nataka uje Alhamisi unihamishie kazi zangu kutoka ile ya zamani."

Nikamuuliza, kwa utani ila nikiwa nimechomwa kidogo, kwa nini safari hii hakuja kuniuliza.

"Ningekuuliza nini? Ile imeniweka vizuri. Lakini kazi imeipita, hata wewe umeona." Akafungua mkoba, akanionyesha risiti ya duka la mjini. "Kijana wa pale aliniuliza aandike jina gani. La bwana, ama la kampuni? Nikamwambia hakuna bwana na hakuna kampuni. Nikamtajia jina langu."

Nikaisoma risiti. Grace Wambui. Miaka yote ile nilikuwa nimemwandikia kazi zake kwa jina la Mama Njoki, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulijua jina lake mwenyewe.